Rotwaila wetu amekufa, na majirani walimwona akihangaika tangu saa nane mchana

mwalimu_wa_uru aliandika (Jumatano, saa 3 usiku):

Wakuu, habari za usiku. Naomba mnisome mpaka mwisho, nina maswali matatu na la kwanza ni la haraka.

Juzi Jumatatu tumempoteza mbwa wetu, rotwaila wa miaka sita. Jina lake Ndizi. Najua watu hutegemea mbwa wa namna ile aitwe Chui au Bosi, lakini siku alipoletwa, ana wiki tisa, alichoropoka kwenye boksi akakimbilia chini ya migomba, na tulipomfikia alikuwa anatafuna ndizi mbivu pamoja na ganda lake. Mwanangu wakati huo ana miaka mitatu. Jina likatoka hapo hapo na hakuna aliyelibishia.

Nieleze siku yenyewe. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Uru, juu ya Moshi mjini. Mume wangu yuko Dodoma kikazi. Jumapili ng'ambo ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, kulikuwa na sherehe ya kipaimara, tukarudi na makombo mengi: wali, ndizi nyama, mifupa ya mbuzi. Ndizi alizoea kula mara moja tu kwa siku, jioni, ugali wa dona na dagaa. Lakini Jumatatu asubuhi niliona chakula kile kitachacha, nikamjazia beseni zima kabla ya kutoka. Alikula kama kawaida yake, bila kupumzika, akashushia na maji. Tukaondoka mimi na mtoto.

Tulirudi saa kumi na moja. Ndizi alikuwa amelala ubavu nyuma ya geti. Tumbo limevimba, ukiligonga linalia kama ngoma. Fizi nyeupe. Mate yanamtoka mazito kama povu la sabuni. Aliponiona alijaribu kuinuka akashindwa, mkia ukapiga chini mara mbili. Mwanangu akapiga magoti akawa anamfuta mdomo kwa shati la shule.

Nilimpigia bwana mifugo, akasema haya ni ya kupeleka mjini, tena mbio. Mwezi wa nne tulimpima Ndizi kwenye mizani ya kahawa pale chama cha msingi, alikuwa na kilo 51. Sikuweza kumbeba. Bajaji mbili zilikataa, madereva walipochungulia wakaona ni mbwa gani. Ya tatu ilikubali, saa kumi na mbili na robo. Alikata roho njiani, hatujafika hata kwenye lami, kichwa chake mapajani mwangu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Jana mama jirani, ambaye geti lake linatazamana na letu, alikuja kunipa pole, akanieleza bila kuficha: "Mwalimu, tulimwona tangu saa nane. Alikuwa anazunguka uani, anasimama, anajikunja kama anataka kutapika na hakitoki kitu, mate yanachuruzika. Tukasema huyu ana kichaa. Tukawaingiza watoto ndani tukafunga."

Saa tatu nzima. Kutoka kwao hadi shuleni kwangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Hata mtoto angetumwa.

Nilipandwa na hasira, nusura nimfukuze. Alipoondoka nikabaki nimesimama getini, macho yakaenda kwenye kibao. MBWA MKALI. Herufi nyekundu, nimeziandika kwa mkono wangu, na chini nikachora meno. Ndizi tulimnunua kwa sababu ya jina la mbegu yake. Tulikuwa tumeibiwa pikipiki na mikungu kumi na moja katika mwezi mmoja, na mume wangu alisema ukiwa na rotwaila huhitaji hata kufunga mlango, jina linatosha. Watu wakiniuliza njiani kama anauma, nilikuwa najibu, "Huyo hang'ati, anaua." Miaka sita nimesema hivyo. Waliniamini.

Na Ndizi hajawahi kumng'ata mtu. Akikupenda alikuwa anakuja kukuegemea kwa uzito wake wote, mpaka mama mkwe alikuwa anashika ukuta ili asianguke. Radi ikipiga aliingia chini ya meza ya jikoni, meza inanyanyuka naye. Usiku alilala ameegemea mlango wa mtoto, ukitaka kuufungua lazima umwombe. Haya yote yalifanyika ndani ya uzio. Nje walikuwa wanakisikia tu kile kishindo chake anapobweka.

Shuleni jana nilisema nimefiwa. Mwenzangu mmoja akanisahihisha mbele ya watu: mbwa hafariki, mbwa anakufa, na mwenye mbwa hafiwi. Kwa Kiswahili cha darasani ana haki, mimi mwenyewe ndiye ninayefundisha Kiswahili darasa la sita. Lakini sina neno jingine la kuita kilichonipata.

Kumzika nako kulikuwa na maneno. Mama mkwe alisema kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, wanalala watu wa ukoo. Tukachimba pembeni kabisa, karibu na mfongo.

Maswali yangu:

La haraka. Mwanangu ana mchubuko kwenye kidole, aliupata Jumapili kwenye mpira. Mate yale yalimgusa. Cheti cha Ndizi kinaonyesha alichanjwa kichaa Septemba iliyopita. Je, inawezekana majirani walikuwa sahihi?

La pili. Kama si kichaa, ni nini? Na je, lile beseni langu ndilo lililomuua?

La tatu. Mtoto anataka rotwaila mwingine. Mama mkwe anasema wa kienyeji au hakuna. Mimi sijui. Ukali uko kwenye damu ya mbegu, au ni sisi?

---

daktari_mifugo_Moro:

Mwalimu, pole sana. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nimetibu mbwa miaka kumi na miwili.

Naanza na mtoto. Usisubiri jibu la mtu yeyote wa humu, hata langu. Leo hii oshe kile kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Ingefaa iwe Jumatatu ile ile, lakini hata sasa oshe. Kesho alfajiri mpeleke hospitali na cheti cha mbwa mkononi, eleza kila kitu, wao ndio wataamua kuhusu sindano. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu hakina tiba, kwa hiyo hatuchezi bahati nasibu. Toa taarifa pia ofisi ya mifugo ya wilaya, wakitaka kumfukua wachukue kipimo cha ubongo waachie.

Nikishasema hayo, maelezo yako hayafanani na kichaa. Mbwa mwenye kichaa hubadilika kwa siku kadhaa: sauti inakwaruza, taya linalegea, miguu ya nyuma inayumba, anang'ata hata fito, anaacha kumtambua mwenyewe. Tumbo halivimbi kama ngoma. Wako Jumatatu asubuhi alikula beseni, na jioni alikutambua.

Mimi nasoma hapa tumbo kujisokota. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini: gredeni, jemani shepadi, rotwaila na wengineo. Tumbo linajaa gesi, kisha linajipindua, kama unavyosokota shingo ya mfuko wa sukari ili usimwagike. Juu pamezibwa na chini pamezibwa. Ndiyo maana anajikunja kutapika na linatoka povu tu. Mate yanachuruzika kwa sababu hata kumeza hawezi. Mishipa mikubwa inabanwa, damu hairudi kwenye moyo, fizi zinageuka nyeupe. Ni jambo la saa chache. Dawa yake ni kutoa gesi kwa mpira au sindano nene, maji ya mshipani mengi, na kupasua siku hiyo hiyo: tumbo linarudishwa mahali pake na kushonewa kwenye ukuta wa ndani lisigeuke tena. Hata kwenye hospitali zilizokamilika, wapo wanaokufa mezani.

Kuhusu beseni: mlo mmoja mkubwa kwa siku na kula kwa pupa ni vitu vinavyoongeza hatari. Sitakuficha, kwa sababu ukichukua mbwa mwingine mkubwa utamgawia mara mbili au tatu kwa siku. Lakini mbwa maelfu hula mlo mmoja mkubwa kila siku na hawajisokoti. Umbo la kifua alizaliwa nalo, na umri ulikuwa unasogea. Ulimpa chakula kizuri cha sherehe. Nimewaona wenye mbwa wakijihukumu kwa madogo kuliko hilo.

Swali la mbegu. Mwaka 2022 jarida la *Science* lilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tisa. Ambacho mbegu inakupa kwa uhakika zaidi ni mwili na magonjwa yake. Rotwaila na dobamani wakiwa wadogo huumizwa na parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, kuliko wengine, kwa hiyo chanjo zianze wiki ya sita hadi ya nane na zirudiwe mpaka wiki ya kumi na sita bila kuruka. Jemani shepadi wanateswa mno na homa ya kupe. Jeshi la Marekani liliwapoteza wengi kwa ugonjwa huo vitani Vietnam. Na kwenu huko kupe ni wengi. Wa kienyeji ana faida zake, ila naye achanjwe vile vile.

---

mama_wa_wawili_kimara:

Mwalimu, pole. Nimesita kuandika, maana sitaki kukuongezea, lakini nadhani unahitaji kusikia na upande wa pili wa barabara.

Miaka miwili iliyopita binti yangu aliumwa na rotwaila wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Geti lilikuwa wazi. Nyuzi kumi na moja kwenye paja, na sindano juu yake. Alikuwa na miaka saba. Mpaka leo tukisikia mnyororo unakwaruza chini ananishika mkono, na mimi namshika zaidi.

Ningekuwa mama jirani wako siku ile, ningefanya alichofanya. Ningeingiza watoto ndani. Sio kwamba nilitaka mbwa wako afe. Ningekuwa sijui kwamba anaumwa, kwa sababu sijawahi kumtazama mbwa wa aina ile kwa muda wa kutosha kujua akiwa mzima yukoje.

Ila kupiga simu ningepiga, kama ningekuwa na namba. Je, yeye alikuwa nayo?

---

Mzee_wa_Pangani:

Asalaam aleikum, na pole mwanangu mwalimu.

Mimi ni Mwislamu, na huku kwetu pwani ukisema unampenda mbwa utatazamwa vibaya. Lakini nina shamba la minazi na mihogo, na nguruwe pori wakiingia usiku mmoja unaanza upya. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Mate yake najua hukumu yake katika madhehebu yetu ya Shafi: chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Naosha. Sioni kuwa kuosha kunanizuia kumwonea huruma.

Wanaokwambia "ni mbwa tu" wakumbushe vijana wa pangoni katika Suratul Kahf. Mbwa wao ametajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kama kuna ujira katika wanyama, alijibu kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira.

Wangu alikuwa wa kienyeji, mwekundu, sikio moja limechanika. Aligongwa na nguruwe ubavuni mwaka juzi. Nilikaa naye chini ya mwembe mpaka adhuhuri. Mke wangu aliniletea maji akanitazama, hakusema kitu, akaniwekea na udongo pembeni ya ndoo. Basi. Usione haya.

---

Sajini_mstaafu_Nakuru:

Mwalimu, pole sana kutoka Kenya. Nimefanya kazi na mbwa wa polisi miaka kumi na minne, kwa hivyo hilo swali la tatu naliweza kidogo.

Jina la mbwa ni kama nguo, watu humvika na kumvua. Tazama jemani shepadi. Mjerumani mmoja, Max von Stephanitz, alianza kuisimamia mbegu hiyo mwaka 1899 kutoka kwa mbwa wa kuchunga kondoo. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, Waingereza hawakutaka kusikia neno Jerumani, wakamwita Alsatian. Wazee huku kwetu mpaka leo wanasema "alsesheni". Mbwa ni yule yule, masikio ni yale yale. Dobamani naye ana jina la mkusanya kodi wa mji wa Apolda aliyetaka mbwa wa kumlinda akizunguka na pesa za watu. Na rotwaila, ambaye nyinyi mnamwita muuaji, alikuwa mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe kwenda sokoni na kuvuta mikokoteni ya nyama. Reli ilipoanza kubeba ng'ombe akakosa kazi, karibu apotee kabisa, mpaka polisi wa Ujerumani walipomchukua miaka ya 1910. Kile kishindo chako cha getini, hapo mwanzo kilikuwa cha kuambia ng'ombe asogee.

Lakini nisikudanganye, mama wa Kimara ana haki pia. Mbwa wa kilo hamsini akikosea, amekosea na kilo hamsini. Mbwa mdogo akikosea unapaka dawa. Na wengi niliokutana nao wakali kweli walikuwa na historia moja: mnyororo mfupi mchana kutwa, kibanda cha mabati, hawaoni mgeni isipokuwa anayewarushia mawe, halafu usiku wanafunguliwa. Mbwa kama huyo wa mbegu yoyote atauma. Huyo wako alilala mlangoni pa mtoto.

Ukichukua mwingine, mtembeze akiwa bado mdogo, kabla hajafika miezi minne. Apelekwe sokoni, kanisani nje, kwa majirani, aguswe na watoto wao mbele ya mama zao. Hao ndio watakaomtambua siku akiumwa.

Mbwa wangu wa mwisho alistaafu mwaka mmoja na mimi. Amekufa zamani. Bado saa kumi na moja alfajiri naamka na kufungua mlango wa nyuma.

---

mwalimu_wa_uru aliandika (Jumapili, saa 2 usiku):

Nimerudi. Asanteni, kila mmoja. Mzee wa Pangani, shikamoo.

Alhamisi alfajiri tulikuwa hospitali. Daktari alisikiliza, akaangalia cheti, akasema kwa mchubuko ule hataki kubahatisha. Mwanangu ameshachomwa mbili. Ya kwanza alilia, ya pili alimuuliza nesi kama mbwa nao huchomwa mkononi.

Ofisi ya mifugo walichukua maelezo na picha nilizopiga Jumatatu jioni, zile za tumbo. Wanaona kama alivyoona daktari wa Moro. Hawakumfukua.

Mama wa Kimara, swali lako nililibeba siku nzima. Hapana, hakuwa na namba yangu. Tumetazamana kwa geti miaka minne, na sikuwahi kumpa. Hajawahi kuingia uani kwangu hata siku moja, kwa sababu ya kile kibao. Mpe pole binti yako, mwambie inatoka kwa mwalimu ambaye mbwa wake aliogopa radi.

Jana jioni mama jirani alirudi. Alikuwa ameshika jani la isale. Walio Wachaga humu wanaelewa, kwa wengine nieleze: mtu akija kwako na jani la isale anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia, hata kama kosa ni la mpaka wa shamba au la damu. Sikujua kama mtu anaweza kuleta isale kwa ajili ya mbwa. Nilimwambia hana deni, mimi ndiye niliyemwambia miaka yote kwamba ndani kuna muuaji. Hakunijibu hilo. Aliuliza yuko wapi.

Nikampeleka mpaka kwenye mfongo. Mama mkwe alituona akatufuata na jembe, na yeye ndiye aliyelichomeka jani lile kwenye udongo pale kichwani, akalimwagia maji.

Kibao nimekitoa. Nimeandika kipya, KUNA MBWA, ingawa kwa sasa hayupo, na chini yake namba yangu ya simu kwa wino wa nyumba usiofutika. Kuhusu mwingine, mtoto bado anasema rotwaila na mama mkwe sasa ananyamaza. Tutangoja Januari, mume wangu akirudi. Daktari, nimeshanunua mabeseni mawili madogo.